Injini ndizo zilizoamua hatima ya ndege za usiku za Ujerumani

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyochapisha mwishoni mwa juma kuhusu ndege za kivita ambazo Ujerumani ilizitumia usiku katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na nawashukuru kwa kuipa nafasi mada ambayo ni nadra kuandikwa kwa Kiswahili. Nafundisha ufundi wa injini hapa Kisumu, na vijana ninaowafundisha waliileta makala hiyo darasani, tukaijadili hadi kipindi kikaisha. Nawaandikia kwa sababu dai kuu la mwandishi wenu, kwamba Ujerumani ilikuwa na ndege ya Heinkel He 219 ambayo ingeweza kuwazuia kabisa Waingereza waliokuwa wakija usiku kuilipua kwa mabomu, na kwamba ndege hiyo ilizikwa na chuki ya ofisa mmoja aliyesimamia utengenezaji wa ndege za kivita, Erhard Milch, ni dai lisilosimama pindi mtu anapouliza injini za kuziendesha ndege hizo kwa maelfu zingetoka wapi. Sitetei utawala ule wala ofisa wake yeyote. Ulistahili kushindwa, na ulishindwa. Ninachotetea ni ukweli wa kiufundi.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Ndege ya kivita ya mchana hupimwa kwa kasi, kwa wepesi wa kugeuka na kwa uwezo wa kupanda juu haraka, kwa kuwa adui anaiona na atapambana nayo ana kwa ana. Ndege ya usiku haikuhitaji kugeuka kwa ukali. Ilihitaji kubeba rada na mtu wa kuisoma, mizinga mizito ya kumaliza kazi kwa shambulio moja, redio na vyombo vya kuongozea ndege gizani, na mafuta ya saa kadhaa, kisha irudi na kutua kwenye uwanja wenye taa chache, rubani akiwa amechoka. Hata mwali wa moto unaotoka kwenye ekzosi ulipaswa kufichwa, maana gizani huonekana kutoka mbali, na vifuniko vya kuuficha vilipunguza kasi. Kila kimoja kati ya vitu hivi ama kina uzito ama kinazuia upepo, na mzigo wote huo hatimaye unabebwa na injini.

Ndiyo maana ndege iliyofedheheka mchana iliweza kuheshimika usiku. Messerschmitt Bf 110, iliyoruka kwa mara ya kwanza Mei 1936, ilikusudiwa kuwasindikiza walipuaji wa Kijerumani, lakini katika mapigano ya angani juu ya Uingereza mwaka 1940 ilishindwa kabisa na Spitfire na Hurricane, ndege za kivita za Waingereza zilizogeuka kwa wepesi zaidi. Mwaka huohuo kikosi cha kwanza cha usiku, NJG 1, kiliundwa chini ya Wolfgang Falck, na Bf 110 ikawa ndiyo chombo chake kikuu. Ilikuwa na injini mbili za Daimler-Benz DB 601, kila moja ikitoa takriban nguvu za farasi 1,100, nafasi ya wahudumu wawili au watatu, na pua pana ya kuweka mizinga. Dhidi ya ndege za mabomu zinazokwenda moja kwa moja gizani, hayo yalitosha.

Yalitosha kwa muda. Aina ya Bf 110 G-4 iliwekewa DB 605B za nguvu za farasi 1,475, lakini nguvu iliyoongezwa ilimezwa na mzigo ulioongezwa. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa makala yenu ilizitaja antena za rada kana kwamba ni mapambo ya puani. Rada ya awali ya Lichtenstein ilifanya kazi kwenye megahezi 490, ambapo urefu wa wimbi ni kama sentimita 61, kwa hiyo antena zake zilikuwa fupi. Usiku wa tarehe 24 Julai 1943, walipoanza kuishambulia Hamburg, Waingereza walimwaga vipande vingi vya karatasi yenye madini vilivyokatwa kwa urefu wa kuipofusha rada hiyo pamoja na rada za ardhini. Wajerumani walijibu kwa rada mpya, SN-2, iliyofanya kazi karibu na megahezi 90, ambapo wimbi lina urefu wa zaidi ya mita 3. Vipande vile havikuidhuru, lakini wimbi refu linadai antena ndefu, na antena ndefu zilizosimama mbele ya pua kama pembe za kulungu ziliishika ndege na kuirudisha nyuma. Ndege iliyokuwa na akiba ya nguvu ilistahimili, na isiyo na akiba ikawa inafukuzana na Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, kwa tofauti ndogo sana ya kasi.

Ni kweli kwamba Heinz-Wolfgang Schnaufer, aliyedungua ndege nyingi kuliko rubani mwingine yeyote wa usiku, alifikisha 121 akiwa katika Bf 110. Vijana wangu walinikumbusha jambo hilo kwa shangwe. Lakini idadi hiyo inaeleza ustadi wa Schnaufer na wa wenzake aliokaa nao chomboni, wala haithibitishi kwamba kiunzi cha mwaka 1936 kilikuwa bado kinafaa mwaka 1944. Bf 110 iliendelea kutengenezwa hasa kwa sababu ndege iliyopangwa kurithi nafasi yake, Me 210, ilitoka kiwandani ikiwa na kasoro mbaya za uthabiti angani, hata uzalishaji wake ukasimamishwa mwaka 1942.

Kampuni ya Dornier inatupa somo la aina nyingine, na nasikitika kwamba makala yenu haikuitaja hata kidogo. Do 215 B-5, yenye injini za DB 601, ilikuwa ndege chache lakini zilizopendwa, na ni katika aina hiyo ambapo Ludwig Becker, mwezi Agosti 1941, alidungua ndege ya kwanza kwa kuongozwa na rada ya Kijerumani iliyobebwa angani. Iliyofuata, Do 217 J, ilipewa injini kubwa za BMW 801, na mtu angetarajia maendeleo. Haikuwa hivyo. Do 217 ilikuwa ndege ya mabomu kwa umbo lake lote, nzito, yenye kupanda juu polepole na kuhitaji uwanja mrefu, na marubani waliilalamikia. Ikabadilishwa injini tena, ikawekewa DB 603 na kuitwa Do 217 N, na malalamiko hayakwisha. Injini kubwa haiondoi kosa la kiunzi kisichofaa kazi. Huongeza tu matumizi ya petroli.

Sasa nije kwenye Junkers Ju 88, ambayo mwandishi wenu aliiita ndege ya viraka. Nadhani hapo ndipo alipokosea zaidi. Ju 88 iliruka mara ya kwanza Desemba 1936 ikiwa ndege ya mabomu yenye kasi, na zaidi ya 14,000 zilitengenezwa za kila aina. Aina ya usiku ya Ju 88 C ilikuwa na injini za Jumo 211, ambazo ni za silinda 12 na hupozwa kwa maji, na ilikuwa imara lakini si ya haraka. Aina ya R ilikuwa karibu kiunzi kilekile cha C, ila kimewekewa BMW 801. Moja ya ndege hizo ilitoroshwa na wahudumu wake hadi Dyce, karibu na Aberdeen huko Uskoti, tarehe 9 Mei 1943, ikiwa na rada yake ya Lichtenstein nzima, na hadi leo imehifadhiwa na jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza. Nguvu ya BMW ilifichua udhaifu mmoja: mkia wa wima ulikuwa mdogo mno kuidhibiti ndege, hasa injini moja inapozimika. Wahandisi wakachukua mkia mkubwa wa Ju 188, ndege nyingine ya Junkers, wakauunga kwenye kiwiliwili, wakaondoa kibanda cha chini cha mpiga risasi, na matokeo yakawa Ju 88 G-1, ambayo kwa maoni yangu ni ndege bora ya usiku ambayo Ujerumani iliweza kweli kuitengeneza kwa wingi.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa Kisumu wana namna yao ya kulielewa. BMW 801 ilikuwa injini ya silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili na kupozwa kwa hewa. Injini za duara za kupozwa kwa hewa hazikuwa ngeni katika mji huu, kwa kuwa ndege za majini za Imperial Airways zilizotua hapa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1930 zilibebwa na injini nne za aina hiyo, Bristol Pegasus. Faida yake ni dhahiri kwa fundi yeyote: haina rejeta wala mabomba ya maji ya kutobolewa na risasi. Hasara yake ni uso mpana unaokinga upepo, na kwa BMW 801 kulikuwa na hasara ya pili iliyokuwa kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni kwamba kila injini iliyotoka kiwandani ilikuwa ikidaiwa pia na Focke-Wulf Fw 190, ndege ya mchana iliyokuwa ikipambana na Wamarekani.

Junkers walikuwa na jibu. Injini zao za Jumo, ingawa zilipozwa kwa maji, ziliwekewa rejeta ya duara mbele kabisa, nyuma ya rafadha, hivi kwamba kwa mbali zilifanana na injini za kupozwa kwa hewa, na mfumo wote ulifungwa mbele ya bawa kama kifurushi kimoja. Jumo 213A ya nguvu za farasi 1,750 ilipopatikana, ilifungwa kwenye kiunzi hichohicho, ikazaliwa Ju 88 G-6. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: gari lenye nafasi ya kutosha mbele na chasisi imara litafanya kazi kwa injini yoyote utakayoipata sokoni, ilhali gari lililobanwa kuizunguka injini moja tu litasimama siku injini hiyo itakapokosekana. Ju 88 ya usiku ilibadilishiwa injini mara mbili na kila mara ikawa bora.

Na si kasi pekee. Baada ya Hamburg, mbinu nzima ya ulinzi ilibadilika. Kabla ya hapo, chini ya mfumo wa Jenerali Josef Kammhuber, kila ndege ilizunguka katika eneo lake dogo ikiongozwa na rada za ardhini. Mfumo huo ulipopofushwa, marubani waliagizwa kujiunga na msafara wa walipuaji popote ulipo na kuufuata kwa mamia ya kilomita, na hapo mafuta ya kukaa angani kwa saa nyingi yakawa na thamani kuliko zamani. Ju 88 iliyabeba ndani ya mwili wake mpana, pamoja na wahudumu watatu au wanne, rada, vipokezi vya kunasa mawimbi ya rada za Waingereza, na mizinga ya mgongoni iliyoelekezwa juu ili kulipiga tumbo la ndege ya adui kutoka chini. Usiku wa Nuremberg, tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, Waingereza walipoteza ndege 95, na nyingi ziliangushwa na marubani waliokuwa wamejipenyeza katika msafara namna hiyo.

Sitaki kuipamba Ju 88 kupita kiasi. Helmut Lent, aliyekuwa na ushindi wa usiku 102, aliumia vibaya tarehe 5 Oktoba 1944 alipokuwa akitua Paderborn katika Ju 88: injini moja ilizimika akiwa chini na mwendo umepungua, ndege ikagonga nyaya za umeme, na siku mbili baadaye akafariki. Ndege nzito ya injini mbili ikipoteza moja karibu na ardhi humwachia rubani muda mfupi sana, hata awe hodari namna gani.

Hilo linanirudisha kwenye He 219, kwa sababu ndege hiyo ilikuwa na tatizo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Naikubali sifa yake inayostahili. Ilikuwa na magurudumu ya mbele yaliyorahisisha kutua, chumba cha rubani chenye kuona pande zote, na viti vya kuwarusha wahudumu nje wakati wa hatari, na ilikuwa ndege ya kwanza duniani kuingia vitani ikiwa na viti hivyo. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1943, Werner Streib aliruka kutoka Venlo, Uholanzi, katika mojawapo ya ndege za majaribio, akadungua ndege tano, kisha akaivunja ndege yake wakati wa kutua, yeye na mwenzake wakaokoka. Mwandishi wenu alitaja sehemu ya kwanza ya kisa hicho akaiacha ya pili.

Kasi ya kilomita 670 kwa saa aliyoinukuu mwandishi wenu inahusu aina iliyotarajiwa kupewa injini za DB 603G, ambazo hazikufika kwa wingi. Mipango mingine ilitegemea Jumo 222, injini ya silinda 24 ambayo Junkers waliihangaikia kwa miaka bila kuifikisha kwenye uzalishaji wa kawaida. He 219 zilizofika vikosini ziliruka kwa DB 603 za kawaida, zikiwa na uzito uleule wa viti, silaha na rada, na antena zilezile puani. Baada ya vita, rubani wa majaribio wa Uingereza, Eric Brown, aliyewahi kurusha ndege za aina nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, aliijaribu He 219 na kuona kwamba nguvu ya injini zake haikulingana na uzito wake, jambo ambalo alilihesabu kuwa baya sana kwa ndege ya injini mbili. Ju 88 ya usiku aliipenda.

Tena DB 603 hazikuwa zimelala ghalani zikisubiri. Me 410 ilizihitaji, Do 217 ilizihitaji, na baadaye Do 335. Ndiyo maana nasema Milch, mtu ambaye sina sababu nyingine ya kumtetea, alipoitaka Ju 88 G badala ya He 219 alikuwa akihesabu kama mtu mwenye dhamana ya viwanda anavyopaswa kuhesabu. Viwanda vya Junkers vilikuwa tayari na vifaa vya kuitengenezea, mafundi waliizoea, vipuri vilikuwa kwenye kila uwanja, na marubani hawakuhitaji kufundishwa upya. Kuanzisha ndege mpya kabisa katikati ya mashambulizi ya mabomu kungemaanisha miezi ya viwanda kutoa ndege chache kuliko zilizokuwa zikipotea. He 219 zilizotengenezwa hazikufika 300.

Majaribio mengine yanathibitisha jambo lilelile. Focke-Wulf Ta 154 ya Kurt Tank ilijengwa kwa mbao ili kuokoa metali, kwa kuiga Mosquito ya Waingereza, lakini kiwanda cha gundi yake huko Wuppertal kilipigwa mabomu, na gundi iliyotafutwa badala yake ikala mbao zenyewe. Messerschmitt Me 262 ya viti viwili, iliyotumiwa kuzifukuza Mosquito juu ya Berlin katika miezi ya mwisho, ilikuwa na kasi isiyo na mshindani, lakini injini zake za jeti, Jumo 004, zilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini kwa sababu nikeli na kromu zilikuwa adimu, na zilidumu kwa saa 10 hadi 25 tu kabla ya kubadilishwa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hiyo ni kasoro ya usanifu. Nilimjibu kwamba usanifu ulikuwa mzuri, na metali za kuutimiza ndizo zilizokosekana.

Na hata tukichukulia kwamba He 219 ingejengwa kwa maelfu, ingeanza kufika vikosini wakati gani? Tarehe 12 Mei 1944 ndege za Marekani zilianza kuvishambulia kwa mfululizo viwanda vya kutengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe, kikiwamo kile kikubwa cha Leuna. Kufikia majira ya kupukutika majani ya mwaka huo, Ju 88 zilizo tayari zilikuwa zikibaki ardhini kwa kukosa petroli, na marubani wapya walihitimu wakiwa wamefundishwa kwa saa chache mno. He 219 elfu zaidi zingesimama kando yao.

Naomba basi, Mhariri, mkichapisha sehemu ya pili ya makala hiyo kama mlivyoahidi, kila kasi inayotajwa iambatane na jina la injini iliyokuwa imefungwa, kimo ambacho kasi hiyo ilipimwa, na maelezo kama antena za rada zilikuwapo au hazikuwapo. Vijana wa vyuo vya ufundi wa hapa Nyanza wanalisoma gazeti lenu, na wanaweza kabisa kuzielewa takwimu hizo zikiandikwa kwa ukamilifu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa ufundi wa injini,
Kisumu